Huduma ya kuwinda nguruwe pori kwa chambo mashambani Mtama: tulicholipa na tulichopata

Mwezi Septemba mwaka jana kikundi chetu cha wakulima tisa, ambao mashamba yetu yamepakana katika bonde lililo chini ya uwanda wa Rondo, upande wa Mtama mkoani Lindi, kilikodi mwindaji mwenye leseni aje atupunguzie nguruwe pori kwa kutumia chambo. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi, kwa hiyo kila shilingi iliyotoka iliandikwa kwenye daftari langu, na siku nyingine nilikuwa miongoni mwa waliobeba ndoo. Tangu wakati huo watu wa Nyangao, wa Mnara na hata wa Nachingwea wameniuliza kama huduma ile inafaa, na karibu wote huanza kwa kuuliza juu ya bunduki: ni ya aina gani, inapiga mbali kiasi gani, mzee ana shabaha au hana. Bunduki ilikuwa sehemu ndogo kabisa ya kile tulichokilipia, na ndiyo maana nimeona niandike tathmini hii kwa urefu. Jina la mwindaji sitalitaja, kwa kuwa ninayo mema na mabaya ya kusema juu ya kazi yake.

Kwanza hali yenyewe. Huku kwetu mwezi wa tisa ni mwezi mgumu. Mahindi na mtama vimekwisha vunwa, mikorosho imechanua na inapuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na pesa zote za nyumba zimekwenda kwenye hiyo salfa na vibarua wa palizi, kwa kuwa minada ya korosho haijaanza. Kilichobaki shambani ni muhogo, nao ndio akiba ya kila familia mpaka mvua. Nguruwe wanalijua hilo kuliko sisi. Hushuka kutoka msituni baada ya saa tatu usiku, kundi zima likiongozwa na dume au jike mkubwa, na kazi yao haifanani na ya nyani au ngedere wanaochukua na kukimbia. Nguruwe huchimba shina kwa pua, hung'oa, hutafuna nusu ya muhogo mmoja na kuhamia shina linalofuata, hivi kwamba kile alichokiharibu kinazidi mara kadhaa kile alichokila. Katika shamba la jirani yangu mmoja, mama mjane mwenye wajukuu watatu, robo tatu ya ekari ilikwisha katika usiku nne. Asubuhi ya siku ya nne nilimkuta amekaa juu ya tuta lililofumuliwa, ameshika muhogo ulioumwa ncha tu, na udongo uliofukuliwa kwa pua bado ulikuwa na unyevu.

Njia ya zamani ya kulinda ni dungu, yaani kibanda cha mlinzi shambani. Vijana hulala shambani, hupiga madebe, huwasha moto na kupiga kelele mpaka alfajiri. Mimi siipendi njia hiyo, na sababu yangu si uvivu. Bibi yangu, aliyelima bonde hilohilo, hakuruhusu mtoto yeyote wa nyumba yake alale kwenye dungu, na nilipokuwa mkubwa nilielewa kwa nini. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 hapa Tanzania na kuwajeruhi wengine zaidi ya 300, na mikoa ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara ikiwemo, ndiyo iliyoumia zaidi. Watafiti walioongozwa na Craig Packer walieleza mwaka 2005 kwamba mahali ambapo swala na mawindo mengine ya kawaida yamepungua, simba humfuata nguruwe pori, naye nguruwe huja shambani, na huko shambani yupo mtu aliyelala kwenye dungu la fito na makuti akilinda mazao dhidi ya huyo huyo nguruwe. Kwa hiyo anayekuuzia huduma ya kupunguza nguruwe hakuuzii muhogo peke yake. Nilikumbuka hilo tulipojadili bei, na nalikumbuka sasa ninapoandika.

Zipo njia nyingine pia. Mbwa na nyavu huhitaji watu wengi, na katika eneo letu wengi ni Waislamu wasiotaka kugusana na windo lenyewe. Mitego ya waya na mashimo imekatazwa na sheria, tena haichagui, kwani itamnasa mbuzi, mbwa au mtoto. Sumu nisiitaje kabisa.

Mwindaji alikuja kwetu kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Agosti, akiwa na msaidizi wake kijana na pikipiki moja. Ni mzee wa makamo, mpole, mwenye kusikiliza kuliko kusema. Alituonyesha leseni ya bunduki, kisha akatueleza kwamba hataweka hata kiganja kimoja cha chambo kabla ya kupata kibali cha maandishi kutoka kwa afisa wanyamapori, kwa sababu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda kwa chambo au kwa taa kwa hiari yake. Alisema vilevile kwamba hataingia msituni Rondo, kwa kuwa ule ni msitu wa hifadhi, na kwamba kazi yote itafanyika ndani ya mipaka ya mashamba yetu. Kibali kilichukua siku tisa. Baadhi ya wenzangu walinung'unika, maana muhogo ulikuwa ukiendelea kuliwa, lakini mimi kwa hili nampa alama zote. Mtu anayekuja na bunduki kijijini bila karatasi anawaachia wenyeji matatizo atakapoondoka.

Bei aliyoitaja ilikuwa shilingi laki tatu kwa siku kumi na sita, yaani siku sita za kulisha bila kupiga na usiku kumi wa kuvizia. Hakusema, wala sisi hatukuuliza, nani atanunua chambo. Hapo ndipo kosa letu sote lilipoanza.

Siku tulipokutana tena nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza ataanza kuvizia lini. Alicheka kidogo akasema, "Mama Saidi, risasi ni ya mwisho. Kazi yenyewe iko kwenye ndoo. Mna kochoko?"

Kwa wasio wa huku, kochoko ni mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yaliyokamuliwa na kuanikwa juani mpaka yakakauka. Wakati wa msimu mabibo huoza chini ya mikorosho bila mtu kuyajali, lakini ifikapo Septemba kochoko ni bidhaa, kwa sababu wapikaji wa gongo huzinunua, na muuzaji wa Mtama hakutupunguzia hata shilingi mia. Tulinunua magunia mawili. Mzee alizigawa katika ndoo za lita ishirini, akazijaza maji, akazifunika kwa mfuko na kuziacha chini ya mwembe kwa siku tatu. Ukifunua ndoo siku ya tatu, harufu inakupiga usoni kabla hujainama, chachu na tamu kwa pamoja, yenye ukali unaofanya macho yalengwe na machozi, na nzi wadogo wanapanda kama moshi. Hiyo harufu ndiyo mali. Nguruwe haoni mbali usiku, lakini pua yake inamfikishia habari za chakula kutoka ng'ambo ya bonde, na mzee alieleza kwamba shamba lote likiwa na muhogo, chambo cha muhogo peke yake hakina maana, kwa sababu huwezi kumwita mtu kwenye karamu ya kile ambacho tayari anacho mlangoni. Lazima umpe kitu ambacho bonde zima halina kwa wakati huo. Ndiyo sababu pia njia hii haiwezi kufanyika Novemba, wakati mabibo yametapakaa chini ya kila mkorosho.

Kochoko zilizochacha zilichanganywa na pumba za mahindi na muhogo uliokatwakatwa, kisha zikatiwa ndani ya mashimo ya kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, na juu yake likawekwa jiwe ambalo mimi mwenyewe nililisukuma kwa mikono miwili. Jiwe lina kazi mbili. Linazuia kanga, ngedere na mbuzi wasimalize chambo mchana, na linampa nguruwe shughuli, kwani kinachomwagwa juu ya ardhi humalizwa kwa dakika chache na kundi linaondoka, lakini kilichofukiwa chini ya jiwe kinamlazimu akae, asukume, achimbe na arudi kesho kuangalia kama kimebaki. Mashimo yalikuwa matano, katika mstari wa kichaka kilicho kati ya msitu na mashamba, mita zisizozidi mia mbili kutoka kwenye muhogo wa kwanza.

Kila siku, bila kuruka, mashimo matano yalihitaji ndoo tatu, na kutoka nyumbani kwangu hadi kwenye mstari ule ni kilomita tano, mbili za mwisho zikiwa njia ya miguu yenye mchanga ambako pikipiki yenye mzigo huzama. Msaidizi alifika na pikipiki hadi kwenye mkorosho mkubwa ulioanguka, kisha tulibeba ndoo kichwani. Maji ya kochoko yanapenya kwenye kata, yanashuka shingoni, na nguo ile haitoki harufu hata ukiifua mara mbili. Tulikwenda saa kumi jioni, si mapema zaidi wala baadaye zaidi, ili harufu yetu wenyewe ipate muda wa kupungua kabla ya usiku. Mzee alikataza sabuni ya kunukia, sigara na mafuta ya nazi kichwani. Wanawake wawili wa kikundi waliacha kazi kwa ajili ya hilo la mafuta, nami sikuwalaumu.

Asubuhi ya siku ya pili mashimo yote yalikuwa kama tulivyoyaacha, isipokuwa nyayo za kanga. Ya tatu vivyo hivyo. Asubuhi ya siku ya nne nilitangulia mbele ya msaidizi na nilipofika kwenye shimo la tatu nilisimama. Jiwe lilikuwa limesogezwa hatua mbili. Udongo ulikuwa umetupwa upande mmoja kama kwa jembe, shimo limekuwa pana kama karai, na ndani hakikubaki hata ganda la pumba. Pembeni kulikuwa na alama za kwato za ukubwa mbalimbali zilizopishana, kubwa zenye ncha butu, za kati, na ndogo zisizozidi ukubwa wa kizibo cha chupa. Msaidizi alichutama, akazihesabu kwa kijiti, akasema si chini ya saba. Nakiri nilifurahi kama niliyeona muhogo unachipua, ingawa walikuja kula tu.

Niligundua baadaye, nikisoma habari za uwindaji kwingineko, kwamba shida hii si yetu peke yetu. Katika jimbo la Maine nchini Marekani watu huwinda dubu weusi kwa chambo, na sheria ya huko huruhusu kuanza kuweka chambo siku 30 kabla ya msimu kufunguliwa mwishoni mwa Agosti. Mwezi mzima mtu hubeba ndoo za mikate iliyolala, keki na mafuta hadi msituni, hurudi na ndoo tupu, na hana hakika kama dubu atakuja akiwa yeye yupo. Wapiga kura wa jimbo hilo waliulizwa mara mbili, mwaka 2004 na mwaka 2014, kama njia hiyo ipigwe marufuku, na mara zote mbili waliikataa marufuku. Wanaoipinga husema kumlisha mnyama kisha kumpiga akiwa anakula si haki, na hoja hiyo naiheshimu. Lakini nilipoisoma niliwaza kwamba asiyewahi kubeba ndoo zile anaweza kudhani chambo ni njia ya mkato. Mwili wangu unajua kwamba sivyo. Tena kuna jambo moja ambalo chambo hutoa na mbio za mbwa hazitoi, nalo ni kwamba mnyama amesimama, mwindaji anamwona vizuri, na anaweza kuchagua asimpige jike mwenye vitoto vinavyonyonya.

Sasa nifike kwenye lawama yangu kubwa. Siku ya saba na ya nane, yaani mara tu kuvizia kulipoanza, msaidizi hakuja. Tulisikia alikwenda Lindi mjini kwa shughuli ya kifamilia, na mzee, badala ya kututaarifu ili tubebe ndoo wenyewe, alidhani siku mbili hazina madhara. Zilikuwa na madhara makubwa. Nguruwe walikuta mashimo matupu usiku wa kwanza, wakashuka moja kwa moja kwenye shamba la mwenyekiti wetu, na walipoanza kula huko hawakurudi kwenye mstari wa chambo kwa usiku tatu mfululizo, ingawa ndoo zilirejea. Kwa maneno mengine, uzembe wa siku mbili ulitula siku tano kati ya kumi na sita, na chambo cha siku hizo zote kilikuwa cha kwetu. Nilimwambia mzee waziwazi, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Hakujitetea. Alinyamaza, akasema, "Ni kweli, Mama Saidi. Nitaongeza usiku mbili bila malipo." Na aliongeza. Hata hivyo, anayelipisha laki tatu anapaswa kuwa na mtu wa akiba wa kubeba ndoo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba kazi iko humo.

Usiku wa kumi na mbili niliomba kwenda kuona pesa za kikundi zinavyofanya kazi. Mzee alisita, kisha akakubali kwa sharti kwamba niende na kaka yangu, tusiteremke kwenye ulingo mpaka atakapotuambia, na tusizungumze kabisa. Ulingo ulikuwa umefungwa kwenye mkorosho wa zamani, chini kidogo ya shimo la tatu. Usiku upepo hushuka kutoka uwandani kuja bondeni, kwa hiyo aliyekaa chini ya shimo hanusiki na anayetoka juu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili uwe mpevu, na mchanga uling'aa kiasi kwamba niliona jiwe la shimo kana kwamba ni mchana wenye mawingu.

Tulikaa tangu saa kumi na mbili na nusu. Mpaka saa nne kulikuwa na komba tu wakilia, na mbu. Kiuno kiliniuma kiasi cha kutaka kulia. Kisha mzee, bila kugeuka, alinigusa mkono kwa kidole kimoja. Sikuona kitu. Nilichosikia ni pumzi: mkoromo mfupi, wa chini, kama mtu anayesafisha koo nyuma ya ukuta, ukarudiwa upande wa kulia, ukajibiwa upande wa kushoto. Dume lilitoka peke yake kwanza. Lilisimama ukingoni mwa kichaka kwa muda ambao nilihesabu pumzi zangu mpaka sitini, nywele nyeupe za mgongoni zikiwa zimesimama, pua juu, likisoma upepo. Halikuja. Lilirudi ndani. Baada ya muda mrefu wakatoka majike wawili na vitoto vikubwa, wakaenda moja kwa moja kwenye jiwe, na nilisikia jiwe likisagana na mchanga waliposukuma. Mzee hakupiga. Alisubiri mpaka dume liliporidhika na kutokea tena, likawafukuza wengine kwenye shimo, likageuka ubavu. Ndipo bunduki ililia mara moja, na bonde lote likaitikia.

Hatukushuka kwa nusu saa. Nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari kuliko wanyama wengi wanaoogopwa kwa majina yao, na mzee hakuruhusu mtu yeyote aingie kichakani gizani. Dume lilikutwa hatua kumi na tano kutoka kwenye shimo. Jambo hili la uvumilivu na tahadhari ni la pili ninalompa alama zote, kwa sababu nimewahi kuona vijana wenye magobore wakipiga chochote kinachotikisika.

Kwa jumla walipatikana wanne katika siku kumi na nane, tukiongeza zile mbili za fidia: dume lile, majike wawili wasio na vitoto vya kunyonya, na mmoja ambaye hajakomaa. Risasi tano zilitumika, moja ikakosa. Kila baada ya mlio mashimo yalikaa usiku mmoja au mbili bila mgeni, kwa maana wanyama hawa hujifunza upesi, na hilo ni jambo ambalo mteja anapaswa kulijua kabla ya kulalamika kwamba mwindaji amelala. Kuhusu nyama, wengi wetu hatuigusi, na mzee alilijua hilo bila kuelezwa. Alikuja na kamba zake, turubai lake na ndoo zake za kuchukulia, hakuomba chombo cha mtu, na mizoga haikupitishwa uani kwa yeyote. Afisa alikuja kuhakiki kila mmoja, na nyama iligawiwa kwa familia zinazokula, kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kibali. Wanakijiji wazee walizungumza juu ya adabu hiyo kuliko walivyozungumza juu ya shabaha.

Nije kwenye daftari. Ada ilikuwa shilingi 300,000. Risasi tano, ambazo zililipiwa kando kwa shilingi 6,000 kila moja, zilifika 30,000. Petroli ilikuwa lita 17, jumla 54,400. Kochoko magunia mawili kwa 25,000 kila moja ni 50,000, pumba magunia matatu kwa 12,000 ni 36,000, na muhogo debe kumi na mbili, ambao tulitoa wenyewe lakini niliuandika kwa bei ya sokoni ya 4,000, ni 48,000. Chakula cha mwindaji na msaidizi wake kilitugharimu 112,000, na betri za tochi 18,000. Jumla kuu ni shilingi 648,400, yaani zaidi kidogo ya 72,000 kwa kila mkulima. Laki tatu tulizosikia siku ya kwanza hazikufika hata nusu ya gharama yenyewe. Na hapo sijahesabu jioni zetu: watu watatu, saa tatu kila jioni, kwa siku kumi na nane kasoro zile mbili, katika mwezi ambao mtu angeweza kulipwa kibarua cha palizi kwenye mikorosho ya mwingine.

Je, ni ghali? Kijana wa kulala kwenye dungu hudai kwetu 3,000 kwa usiku, na shamba moja huhitaji ulinzi si chini ya siku sitini kabla ya mvua. Hiyo ni 180,000 kwa shamba moja, nayo haipunguzi nguruwe hata mmoja, inawahamishia tu kwa jirani, tena inamlaza mtoto wa mtu porini. Kwa kipimo hicho 72,000 si nyingi. Baada ya mwindaji kuondoka, mashamba saba kati ya tisa hayakuguswa mpaka mwisho wa Novemba, na mawili yaliyo karibu zaidi na msitu yaliguswa mara moja moja na kundi dogo. Yule mama mjane alichimba muhogo wake uliobaki mwezi Desemba, akauanika uwe makopa, yaani muhogo mkavu, na wajukuu walikula.

Lakini lau ningekuwa peke yangu nisingekodi. Chambo ni kilekile, ndoo ni zilezile na petroli ni ileile, ziwe kwa shamba moja au kwa mashamba tisa, na mkulima mmoja anayelipa laki sita na nusu ili aokoe ekari mbili za muhogo anapata hasara hata kama nguruwe wote wa bonde watakufa. Nasema hivyo kwa sababu nimemsikia mtu wa upande wa Nachingwea akijiandaa kuuza mbuzi watatu akodi peke yake. Asifanye hivyo kabla hajaongea na majirani zake wa pande zote, na kabla hajahakikisha kwamba kuna watu watatu walio tayari kubeba ndoo kila jioni bila kukosa.

Malipo nayo yanahitaji kurekebishwa. Kudai fedha zote taslimu mwezi wa tisa, wakati mkulima wa korosho hana kitu, kulitulazimu wanne wetu kukopa kwa riba. Nilipendekeza kwa mzee achukue nusu mwanzoni na nusu baada ya mnada wa kwanza wa korosho, fedha zitakapoingia kutoka kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo ambao korosho huwekwa ghalani na kuuzwa mnadani kabla mkulima hajalipwa. Alisema atafikiri.

Mwezi Machi alirudi kutusalimia, akakubali. Tumeandikiana kwenye karatasi moja: ada ileile, nusu Septemba na nusu baada ya mnada, msaidizi wa pili wa kubeba ndoo kwa gharama yake, kila usiku ambao mashimo yatakosa chambo kwa kosa lake ufidiwe kwa usiku wa kuvizia, na chambo kitajwe kwenye bei tangu mwanzo ili kila mwanachama ajue anaingia katika nini. Upande wetu, msimu ujao wa mabibo kila mwanachama atakausha kochoko debe moja kutoka kwenye mikorosho yake mwenyewe na kuzihifadhi kwangu darini, ili mwaka utakaofuata tusiende tena kushindana na wapikaji wa gongo sokoni Mtama.